Sanduku la Tano

Sanduku la tano lilikuwa limewekwa juu ya baba yake babu. Daktari hakujua. Projestus, fundi wake, hakujua. Mukungu Rugaibula ndiye mkubwa wa kijiji chetu na alipaswa kujua, lakini siku ile alikuwa anahangaika kutembea sambamba na mzungu, akasahau kuangalia anakanyaga wapi.

Kwetu Izigo mtu akifa anazikwa kwenye kibanja chake mwenyewe, katikati ya migomba yake. Kaburi la mzee huyo lina milamula minne kwenye pembe, ile miti myembamba tunayopanda kuonyesha mpaka au kaburi. Katikati hapapandwi kitu, tunatandaza majani tu. Mgeni akipita anaona mahali peupe, tambarare, pasipo mgomba wa kuziba mbingu. Ndiyo maana Daktari alisimama pale akasema, "Hapa panafaa sana."

"Panafaa, Bwana!" mukungu akadakia. "Panafaa kabisa kabisa!"

Babu alikuwa nyuma yao, kofia mkononi. Nilimwona anafungua mdomo kidogo, halafu anaufunga. Mgeni aliyetafuna kahawa nyumbani kwako humwambii hapana mbele za watu. Babu yangu Ndyamukama ni mzee wa kanisa, mtu wa adabu kupita kiasi. Akavaa kofia yake, akarudi nyumbani, akakaa.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na tano.

Daktari Tranter hakuwa daktari wa sindano, na kijiji kilichukua wiki mbili kulielewa hilo. Kina mama walikuja na watoto wenye homa, wakapanga mstari nje ya kibanda chake, na yeye akawa anatoka uso umekuwa mwekundu, anawagawia biskuti kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Projestus, ambaye kwao ni Bilele, Bukoba mjini, na alikuwa anatengeneza redio kabla ya kazi hii, alichoka akapiga kelele: "Jamani, huyu siyo daktari wa watu! Ni daktari wa mambo ya juu mbinguni!" Kesho yake wakaja waliotaka kuombewa.

Kibanda kilijengwa kwenye ardhi ya babu kwa sababu ndipo penye kilima kidogo. Ndani kulikuwa na betri za gari, mashine yenye vitaa vyekundu arobaini, na kamera iliyoelekezwa kwenye vitaa. Nje, masanduku manne yalikaa kuzunguka kibanda, kila moja kama hatua mia. La tano lilikaa peke yake mbali, hatua zangu mia tatu na kumi, kule kwenye milamula. Kila sanduku lilifunikwa kwa kijumba cha majani kuzuia mvua, na waya ulitoka hapo ukatambaa ardhini mpaka kibandani.

Mimi niliingia kwenye kazi ile kwa sababu ya mwandiko. Projestus akiandika moja na saba huwezi kuzitofautisha, na Daktari alikuwa karibu kulia. Bibi Alistidia akamwambia, "Huyu mjukuu wangu Kokwijuka anaandika kama kitabu. Ila kuongea usimtegemee." Ni kweli. Mimi watu wakiniangalia, maneno yanarudi tumboni. Shuleni misheni mwalimu alishazoea, ananiuliza swali halafu ananipa chaki nikajibu ubaoni. Daktari naye akazoea. Nikitaka kuuliza nilikuwa naandika pembeni mwa daftari, naye anajibu kwa mdomo.

Swali langu la kwanza niliandika: Tunatega nini?

Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwamba huko nje, mbali kupita jua, kuna vitu vidogo mno vinavyosafiri kwa kasi isiyofikirika. Kimoja kidogo mara nyingi kuliko vumbi. Kikifika kwetu kinagonga hewa juu sana, kinapasuka, na vipande vinapasua vingine, na vile vingine, mpaka vinapofika chini ni vingi kama mvua. Vinapita kwenye paa, kwenye ng'ombe, kwenye mtu, na mtu hasikii kitu. Ndani ya kila sanduku kuna mirija minane ya shaba. Kipande kikipita ndani ya mrija, kitaa chake kibandani kinawaka.

Nikaandika: Kwa nini masanduku yawe mbalimbali?

Akaanza kueleza kwa mvua na ndoo, na mimi nikawa nimeshaelewa kwa senene. Mwezi wa kumi na moja senene wakishuka alfajiri, mtoto mmoja akipiga kelele kwenye rweya yetu, ile mbuga ya nyasi nje ya migomba, inawezekana ni wachache tu wamepotea njia. Lakini ukisikia watoto wanapiga kelele hapa, na kilima cha pili, na kilima cha tatu, wote kwa mara moja, unajua hilo ni kundi moja, na ni kubwa, na linatoka mbali. Unachukua kikapu unakimbia. Masanduku yalikuwa watoto wa Daktari. Na yule wa tano, wa mbali, ndiye aliyekuwa anamwambia kundi ni pana kiasi gani.

Basi mukungu akatangaza barazani. "Atakayegusa sanduku, atakayekata waya, atakayefunga mbuzi kwenye waya, nampeleka Muleba analala ndani!" Tulicheka. Halafu jirani yetu Mujuni akakata waya kidogo, mikono miwili tu, akafungia mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Alilala ndani wiki mbili. Alirudi amenyolewa kichwa na tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma ili asikutane na watu. Mujuni ni kijana ana nguvu zake. Babu yangu ana kifua, akikohoa usiku nyumba nzima inaamka.

Na babu alikuwa halali. Bibi ndiye aliyeniambia. Anakaa kitandani, anasema, "Nimemwachia baba mzigo kifuani, na yeye hawezi kuamka autoe."

Jumapili ya tarehe sita mwezi wa kumi na moja, Daktari na Projestus wakiwa Bukoba, babu alimwambia bibi kwamba kifua kinambana, aende kanisani peke yake. Mimi akaniambia nibaki. Alipoona watu wote wamepita barabarani akasema, "Njoo, mwana wange. Shika upande ule."

Tulilinyanyua pamoja. Lilikuwa zito kama gunia dogo la kahawa. Daktari alikuwa ameacha waya wa ziada pale, ameuviringisha kama kata ya kubebea mtungi, tukawa tunaufungua huku tunakwenda. Babu hakutaka sanduku lirudi ndani ya migomba, maana alimsikia Daktari akisema lazima lione mbingu. Kwa hiyo tulikwenda mbele moja kwa moja, tukatoka kibanjani, tukaingia rweya kwenye nyasi fupi, mpaka waya ulipokaribia kuisha. Mimi nilikuwa nahesabu hatua. Nikiogopa nahesabu. Zilikuwa mia moja arobaini na mbili.

Tukalijengea kijumba kipya cha majani. Kile cha zamani babu alikiacha palepale kaburini, kitupu, ili Projestus akitazama asishtuke. Kisha akapiga magoti, akasawazisha majani kwa mikono yake, polepole, kama unavyomfunika mtoto.

"Hutasema," akaniambia.

Nikaitikia kwa kichwa. Katika nyumba nzima alikuwa amechagua mtu sahihi.

Projestus anaogopa nyoka. Akikagua masanduku alikuwa anasimama njiani, anatazama, anasema, "Paa lipo, sanduku lipo," anaandika sawa. Wiki tano zikapita hivyo.

Jumamosi tarehe kumi mwezi wa kumi na mbili, filamu ya kamera ilikuwa imekwisha. Daktari alikuwa Bukoba, na Projestus alikuwa ameondoka na lori asubuhi kufuata nyingine mjini. Mimi nikaingia kibandani saa kumi jioni kusoma namba kama kawaida. Siku za kawaida, mambo yakitokea, unaona vitaa vitatu vinne: kimoja sanduku hili, viwili sanduku lile. Vinabaki vimewaka mpaka ubonyeze kitufe. Unaandika, unabonyeza, unasubiri.

Nilikuwa nimeinama nachonga penseli. Kilisikika kishindo kidogo kama mtu ameketi juu ya sahani. Nikainua macho, na ukuta wote ulikuwa mwekundu.

Sanduku la kwanza, vyote vinane. La pili, vyote. La tatu, la nne, vyote. Na la tano, ambalo lilikuwa limekaa kimya wiki nzima, sita.

Sikubonyeza. Nilijua kwamba kila kitaa ni kipande kilichopita, na masanduku ni madogo, na shamba ni kubwa, na kati ya sanduku na sanduku hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Lakini vilipita huko pia. Vilipita kila mahali. Kilima chote kilikuwa kimejaa, kutoka hapa mpaka rweya na kuzidi. Vilinipita mimi. Nilijishika mkono nikautazama, ulikuwa mkono uleule, una vumbi la penseli. Kupitia mlangoni nilimwona bibi uani anamenya ndizi. Vilimpita kichwani na mgongoni na kwenye kisu na kwenye ndizi, na yeye akarusha ganda, akachukua ndizi nyingine. Mbuzi alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Jambo lililoanza labda kabla ya kuwa na Izigo lilikuwa limefika, limekwisha, na hakuna hata kuku aliyegeuka.

Machozi yalinitoka na sikujua ya nini. Siyo huzuni. Ni kama kanisani siku ile kwaya ya Bukoba ilipokuja, walipoanza wote kwa mara moja.

Nikachukua daftari. Nikachora miduara arobaini, nane nane, nikaitia weusi thelathini na minane. Nikaandika saa na dakika. Nikahakiki mara tatu. Halafu ndipo nikabonyeza kitufe, na vikazimika.

Daktari alirudi Jumatatu. Kwa bahati mbaya mukungu Rugaibula alikuwa amepita kumsalimia babu, ameketi sebuleni kwenye majani mapya, kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Daktari naye akaja kunywa chai, na daftari chini ya kwapa. Projestus akakaa mlangoni. Mimi nilipiga magoti kuwasalimia, nikasogea pembeni nilipozoea, karibu na mtungi.

Alipofika kwenye ukurasa wangu kikombe chake kilisimama hewani.

"Kokwijuka. Hii ni kweli?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Vyote hivi? Kwa pamoja?"

Nikakubali tena. Alisimama, akakaa, akasimama. Akasema kitu kwa Kiingereza. Projestus akaja kuchungulia akapiga mluzi, bibi akamkemea kwamba ndani ya nyumba hakupigwi mluzi. Daktari alikuwa anacheka peke yake. Halafu taratibu kicheko kikaisha. Akarudisha kurasa nyuma, moja, nyingine, nyingine, kidole chake kikishuka kwenye safu ya sanduku la tano.

"La tano ni gonjwa," akasema.

Akatueleza, lakini nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, sanduku la tano lilikuwa likiwaka pamoja na wenzake mara kumi, kumi na mbili kwa wiki. Kuanzia hapo, mara tatu. Mara nne. Wiki moja, halikuwaka hata mara moja. Alikuwa ameshaanza kufikiri mirija imeingia unyevu.

"Shahidi akinyamaza mwezi mzima," alisema, "halafu siku moja anapiga kelele kuliko wote. Utamwamini?"

"Huyo ni mlevi, Bwana," akasema mukungu, na akanywa.

"Lakini masanduku mengine manne yamejaa," Projestus akasema. "Thelathini na mbili zote, Bwana."

"Yako karibu karibu. Inawezekana ni kundi dogo limeangukia katikati yao. Inawezekana ni kubwa ajabu. La kunieleza lilikuwa la tano." Akatoa rula na penseli mfukoni. "Nitafuta safu yake yote, tangu tarehe sita. Na Jumamosi lazima nayo ifutwe. Siyo kosa lako, Kokwijuka. Umeandika vizuri."

Akaweka rula juu ya miduara yangu.

Nilimtazama babu. Alikuwa anatazama majani sakafuni. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Pembeni yake mukungu, mkono umekaa juu ya goti, mkono uleule uliomshika Mujuni ukosi. Nikinyamaza, babu analala nyumbani kwake. Nikinyamaza, kile kitu kilichosafiri miaka yote ile kikatua kwenye kilima chetu, kikaonwa na mtu mmoja tu duniani, kinapigwa mstari.

Penseli ilianza kuchora. Nilisikia inavyokwaruza.

"Haliumwi," nikasema.

Hakuna aliyejua nani amesema. Mukungu aligeuka kumtazama bibi.

"Sanduku haliumwi. Tulilihamisha."

Sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga, lakini wote walisikia.

"Nani?" Mukungu ameshaweka kibuyu chini. "Mlilihamisha wewe na nani, mtoto?"

"Mimi," akasema babu. Hakuinua hata uso. "Mwache mtoto. Mimi."

"Ndyamukama! Mzee mzima! Mzee wa kanisa! Nimesimama mbele ya watu nikatangaza, Mujuni nikamfunga, halafu wewe..."

"Nipeleke, Rugaibula. Nitavaa viatu twende. Lakini kwanza mwambie Bwana mlikuwa mmeliweka wapi."

"Si pale kwenye... pale chini. Pale peupe."

"Pale peupe pana nini kwenye pembe?"

Mukungu akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo nikaona limemfika. Macho yalitulia.

"Milamula," akasema kwa sauti ndogo.

"Mingapi?"

"Minne."

"Na wewe siku ile ya mazishi ulikuwa kijana, ulishika jembe kwa mikono yako. Ukachimba vizuri, nilikushukuru. Halafu umekuja na mgeni, unamwambia panafaa kabisa kabisa."

Mukungu aliokota kibuyu chake akachungulia ndani kama mtu aliyeona nzi.

Daktari alikuwa anamtazama mmoja na mwingine. Kihaya kilikuwa kimeingia kwenye maneno yao na alikuwa amepotea. Projestus akamweleza polepole. Nilimwona Daktari anaelewa, uso wake ukabadilika kabisa. Aliacha kiti alichopewa, akaja akaketi chini kwenye majani mbele ya babu.

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Hukujua," babu akakubali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni."

"Miezi mitatu yote?"

"Hata sasa ni mgeni," babu akasema, na bibi akacheka kwa mkono mdomoni, akasogeza kikapu cha kahawa ya kutafuna katikati yao. Daktari akachukua. Babu akachukua.

"Ila amri ni amri," mukungu alianza, lakini bila nguvu.

"Sanduku ni langu," Daktari akasema. "Mimi sijapotelewa na kitu."

"Basi kama Bwana mwenyewe ndivyo anavyoona. Tena hapa siyo barazani. Mimi hapa nakunywa tu."

"Kunywa, waitu, kunywa," bibi akamwambia kwa heshima.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kusogea mlangoni. Lakini Daktari akanigeukia, na macho yake yalikuwa yameanza kuwaka upya.

"Kokwijuka. Mlilisogeza karibu, au mbali?"

"Mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Hatua mia moja arobaini na mbili. Zangu. Mbele moja kwa moja."

"Ulihesabu?"

"Ndiyo."

Aliinuka bila kumaliza chai. Tulimfuata wote, hata mukungu, hata bibi na kisu chake. Projestus alileta mnyororo wa kupimia, wakaanza kupima kutoka kibandani. Tulipopita kwenye kijumba kitupu cha milamula Projestus alisimama akakitazama.

"Paa lipo, sanduku lipo," bibi akamwambia. Projestus akainamisha kichwa.

Daktari hakupita katikati ya milamula. Alizunguka, mnyororo akaupitisha kwa nje, akaongeza hesabu kwenye karatasi. Rweya palikuwa na upepo. Sanduku lilikuwa pale chini ya majani yake, na alilifungua akagusa mirija mmoja mmoja kama anagusa meno ya mtoto. Mikavu. Mizima.

"Yadi mia tatu na sabini toka kibandani," alisema. "Mizima kabisa. Haikuwaka sana kwa sababu iko mbali. Makundi madogo hayafiki huku." Akapiga hesabu kwenye goti lake. Akakata, akapiga upya. Tulikuwa tumemzunguka. Mara ya tatu aliweka penseli chini kwenye nyasi.

"Niambie, Bwana," babu akasema.

"Kama lilifika mpaka huku na kuwasha sita, basi kundi zima lilikuwa na vipande milioni mia nyingi. Siwezi kusema sawasawa. Mia tano. Mia saba. Vimefunika kilima hiki na kile." Alionyesha kwa mkono. "Na vyote vimezaliwa na kitu kimoja. Kimoja tu."

Mukungu alitazama kilima kile kingine kama vile vipande vingekuwa bado vimelala pale.

Daktari alimwomba bibi kahawa. Bibi alikuwa amekuja na kikapu, maana mgeni alikuwa ameacha kula. Daktari akajaza konzi, akanyoosha mkono usawa wa kiuno, akaiachia. Punje zikaanguka kwenye nyasi, tukasikia zinavyogonga.

"Mmesikia? Nguvu hiyo. Nguvu ya konzi ya kahawa ikidondoka. Sasa, nguvu hiyo yote ilikuwa imebebwa na kitu kimoja ambacho ukikikusanya mara milioni milioni milioni bado hukioni kwa macho."

Babu aliinama akaokota punje moja, akaiviringisha kidoleni.

"Na vinapita kwenye udongo?" akauliza.

"Vingine vinasimama. Vingine vinaingia. Vinashuka chini urefu wa watu kadhaa wakisimamiana mabegani."

"Kwa hiyo Jumamosi vilimpita na baba."

"Vilimpita, mzee. Kama vilivyotupita sisi."

"Havimwumizi?"

"Hapana. Vimekuwa vinapita kila siku tangu dunia iwepo. Tofauti ni kwamba Jumamosi kulikuwa na mtu anayetazama."

Babu alivua kofia. Sikuwahi kumwona anaivua nje, juani, isipokuwa kwenye mazishi au kaburini kwa baba yake. Alisimama hivyo kichwa wazi, mvi zake zikipeperuka, na mukungu naye, sijui kwa nini, akavua yake.

Daktari akanipa daftari na kipande cha raba. Mstari ulikuwa umefika kwenye mduara wa tisa. Niliufuta taratibu, karatasi ikawa na manyoya kidogo pale. Kwenye safu ya sanduku la tano nilikata yadi za zamani, nikaandika mia tatu na sabini, na nikaanza kurudi nyuma, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, wiki tano zote.

Nilipomaliza kulikuwa na swali, nikataka kuliandika pembeni kama kawaida. Penseli ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nikaiondoa.

"Bwana Daktari. Kilitoka wapi?"

Aliangalia juu. Ilikuwa mchana, hakukuwa na nyota hata moja, mawingu machache tu yalikuwa yanatoka ziwani.

"Sijui," akasema.

"Hujui?" mukungu akauliza. "Na huko kwenu? Huko Uingereza hawajui?"

"Hakuna mtu anayejua. Popote."

Mukungu aligeuka akamtazama babu, babu akamtazama bibi. Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia mzungu akisema neno hilo. Lakini Daktari hakuona aibu. Alilisema kama mtu aliyefika mlimani akaona nchi nyingine upande wa pili. Akalirudia tena, taratibu, "Sijui," na tukaendelea kusimama pale rweya, watu sita, chakula kikiwa jikoni kinapoa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha macho.